Kauli ya Kutendwa

Inspekta Nambunga alinirudishia karatasi
kabla chai yake haijapoa.
Maneno manne alikuwa ameyapigia mstari:
*wananchi wenye hasira kali.*
"Koplo Somoe, hawa ni kina nani?
Nikiipelekea hasira hati ya wito
itakuja mahakamani imevaa viatu?"

Nami nilidhani nimeandika vizuri,
kama tulivyoandika sote tangu depo:
*Mnamo tarehe 9 Novemba, majira ya saa nne usiku,
Tandahimba, nyuma ya ghala la chama cha msingi,
Mfaume Chitanda, miaka 19,
alikamatwa na gunia la korosho,
akapigwa na wananchi wenye hasira kali,
akauawa.*

"Majira ni ya masika," akasema. "Saa ni saa.
Na hii *w* hapa,"
akaizungushia wino mara mbili,
"akapigwa, akauawa. Herufi moja,
imeficha watu wangapi mgongoni?"

Nikarudi na futi kamba.
Mchanga mwekundu, mabibo yaliyooza, nzi.
Kutoka mlango wa ghala hadi alipolala: mita 31.
Niliandika kwamba hasira ya ghafla
haimburuti mtu mita thelathini na moja.
Nikaikata. Hiyo ni fikra, si kipimo.
Nikaiacha 31 peke yake, iseme yenyewe.

Gunia: kilo kumi na nne.
Bei ya kilo siku ile haikuulizwa popote kwenye fomu.
Kandambili: moja, ya kushoto, bluu.
*Ya kulia haikuonekana.*
Sikuandika *imepotea.*
Kilichopotea kina mwenyewe anayekitafuta.

Mama yake, Asumini, hakulia mbele yangu.
"Umeandika mwanangu alikuwa mwizi?"
"Nimeandika alikuwa na gunia."
Akanitazama kwa muda,
kisha akanisogezea kigoda.

Shahidi alikuwa ametoka kwenda msalani.
Aliona tochi. Tochi nyingi?
Tatu, akasema. Nikaandika tatu.
Alisikia nini? Kijana akitaja jina la mama yake.
Nani alishika mpini wa jembe?
"Shaibu."
Shaibu yupi?
Akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani:
"Huyohuyo anayekuletea maji."

Huku kwetu juu ya uwanda maji hupanda kwa baiskeli.
Shaibu Likapa hunifikishia madumu mpaka jikoni,
mwisho wa mwezi hunikopesha,
na mwanangu alipougua
hakunidai hata mara moja.
Hayo nayo ni kweli,
ila fomu haina nafasi yake.

Peni ikasimama.
Niliijua sentensi ya kumwokoa.
Ilikuwa fupi, ya kawaida, haina kosa la sarufi,
na ilikuwa imekwisha andikwa.

Taa ilizimika, nikawasha ya simu.
*Shahidi anaeleza kuwa Shaibu Likapa
alimpiga Mfaume Chitanda kichwani
kwa mpini wa jembe, mara mbili.*
Mtu mbele, kitendo katikati, mtu nyuma.
Hakuna herufi ya kujifichia.

Kwetu kosa halifutwi.
Hukatwa kwa mstari mmoja ulionyooka,
sahihi pembeni, tarehe, saa,
ili atakayekuja aone ulikosea wapi.
Kwa hiyo wananchi wenye hasira kali
bado wapo kwenye ukurasa ule,
chini ya mstari wangu,
wanasomeka.

Inspekta alisoma yote kwa kimya,
akasahihisha koma moja,
akanyoosha mkono kuchukua funguo za gari.

Jumanne sikusikia kengele ya baiskeli.
Ndoo: mbili.
Mahali: mlangoni kwangu.
Hali: tupu.